JE, HATTIE McDANIEL ALITUAIBISHA?

Nimeishika kalamu si kwa sababu nina maneno matamu kuliko wenzangu wa Chama cha Kiswahili, bali kwa sababu kuna jambo limenikaa rohoni tangu muhula wa kwanza, na nisipolitoa hapa sijui nitalitoa wapi. Linamhusu mwigizaji wa filamu wa Marekani aliyefariki mwaka 1952, kabla hata nyanya yangu hajaolewa. Lakini ili mnielewe, sharti nianze na sisi wenyewe, hapa hapa shuleni.

Mnaukumbuka mchezo tuliokuwa tukiutayarisha kwa tamasha za drama. Wahusika walikuwa saba: baba tajiri, mkewe, watoto wawili, mchumba, kasisi na mjakazi. Siku ya kugawana sehemu, mikono ilipanda juu kana kwamba mandazi yanagawiwa bure. Kila msichana alitaka kuwa mke wa tajiri. Zamu ya mjakazi ilipofika, kimya! Kila mtu akaanza kuangalia viatu vyake. Mara sauti moja ikatoka nyuma, "Mpeni yule, si atamwiga tu mamake!" Darasa zima likaangua kicheko. Aliyenyoshewa kidole ni mimi.

Na kwa kweli hakusema uongo. Mama yangu ni mama fua. Huondoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi kwenda katika mtaa ule wenye mageti makubwa ng'ambo ya barabara kuu. Hufua, hupiga pasi, hudeki, na siku nyingine hupika pia, kisha jioni hurudi kwa miguu ili nauli ibaki. Karo yangu inatoka kwenye yale mabeseni. Hayo yote nayajua. Lakini siku ile sikujivunia chochote. Nilitoka nje nikasingizia homa, na wiki nzima sikuonekana kwenye mazoezi.

Mwalimu mlezi wa chama hakunigombeza. Aliniita kando, akanipa kitabu kikuukuu kuhusu waigizaji weusi wa Marekani, akafungua ukurasa wenye picha ya mama mnene aliyefunga kitambaa kichwani. Akasema, "Msome huyu, halafu njoo tuzungumze." Basi nikamsoma. Na baada ya kumsoma nikamtafuta kwenye filamu zake, kwa kompyuta ya binamu yangu.

Hattie McDaniel alizaliwa mwaka 1893 mjini Wichita, jimbo la Kansas. Alikuwa kitinda mimba katika familia ya watoto 13. Baba na mama yake wote walizaliwa utumwani. Babake alipigana upande wa Kaskazini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, vile vilivyomaliza utumwa Marekani, naye akatoka huko na majeraha yaliyomsumbua hadi uzeeni. Familia ilihamia Denver, Colorado, na huko Hattie akaenda shule. Mwaka 1910, akiwa bado msichana wa shule, alishinda nishani ya dhahabu kwa kukariri shairi mbele ya umati.

Hapo nilikifunga kitabu kidogo. Msichana wa shule, kwao hawana kitu, amesimama jukwaani na watu wanampigia makofi. Nani kati yetu hapendi hilo?

Lakini makofi hayajazi tumbo. Aliimba na kuigiza katika vikundi vya kuzungukazunguka, akaimba redioni, akarekodi nyimbo. Halafu ukaja mwaka 1929, uchumi wa Marekani ukaporomoka, na kikundi alichokuwa akifanya kazi nacho kikavunjika. Alijikuta karibu na Milwaukee bila kazi. Kazi aliyoipata ilikuwa ya kuhudumu chooni katika klabu moja ya usiku, kazi ya kuwapa taulo wanawake wa Kizungu waliokuja kunawa mikono. Usiku mmoja walimruhusu kupanda jukwaani akaimba, na hakurudi tena chooni. Mwaka 1931 akafika Los Angeles. Huko nako redio ilimlipa kidogo mno hivi kwamba ilimbidi aendelee kufanya kazi za nyumbani za watu huku sauti yake ikisikika hewani. Ebu fikiria hapo: unadeki sakafu ya mtu ambaye pengine jana alikusikiliza redioni akacheka!

Sasa tufike kwenye hoja. Hattie alipoingia katika filamu, sehemu aliyopewa ilikuwa mjakazi. Akapewa tena mjakazi. Na tena. Filamu nyingi alizocheza hata jina lake halikuandikwa. Watu weusi wenzake, hasa viongozi wa chama cha kutetea haki zao kiitwacho NAACP, walikereka. Mkuu wa chama hicho, Walter White, alikwenda Hollywood mwaka 1942 kuwaomba wenye kampuni za filamu wawape watu weusi sehemu za watu wa kawaida, si za vijakazi na wajinga wa kuchekesha peke yake. Kuna waliosema kwamba Hattie aliliaibisha kabila lake kwa kuwapa Wazungu kile walichotaka kukiona. Jibu lake linasimuliwa hadi leo: kwa nini alalamike kulipwa dola 700 kwa wiki akiigiza kijakazi, na asipoigiza atalipwa dola 7 kwa wiki akiwa kijakazi kweli?

Wapo wanaosema hilo ni jibu la mtu mwenye tamaa. Mimi nasema ni jibu la mtu aliyewahi kufua. Anayeweza kusema "afadhali kukosa" ni yule ambaye hajawahi kukosa.

Hata hivyo sitaki kumtetea kwa upofu. Filamu iliyompa sifa, Gone with the Wind ya mwaka 1939, inachukua karibu saa nne, nami niliitazama kwa siku tatu. Nawaambia wazi kwamba filamu ile inadanganya. Inawaonyesha watumwa kana kwamba walifurahia utumwa wao. Hattie ndiye Mammy, mjakazi aliyemlea Scarlett. Vita vinapiganwa, utumwa unakwisha, na Mammy bado yupo pale pale akimfungia binti wa watu nguo, haulizi mshahara. Hana mume, hana mtoto. Hana hata jina! Mammy si jina, ni kama mtu aitwe "Yaya" tangu kuzaliwa hadi kaburini. Nilipoligundua hilo nilikumbuka mchezo wetu. Katika karatasi zetu baba tajiri alikuwa na jina, mkewe alikuwa na jina, hata mchumba anayetokea mara mbili tu alikuwa na jina. Mjakazi aliandikwa "Mjakazi".

Na tukiwa wanachama wa Chama cha Kiswahili, hebu tulitazame neno lenyewe. Siku hizi tunalitumia magazetini na katika insha zetu kwa msaidizi yeyote wa nyumbani. Lakini waulize wazee wa pwani, au fungua kamusi. Mjakazi ni mtumwa wa kike, kama vile mtwana alivyo mtumwa wa kiume. Mammy alikuwa mjakazi kweli, kwa maana alimilikiwa. Mama yangu hakununuliwa na mtu. Ameajiriwa, na asipolipwa mwisho wa mwezi ana haki ya kudai. Sisi tunaojidai kukienzi Kiswahili tumekuwa tukimwita mtumwa bila kujua. Naomba mhariri asiufute mstari huu.

Turudi kwa Hattie. Ninachokiona mimi ni kwamba alipewa karatasi mbovu akaandika juu yake kwa mwandiko mzuri. Itazame filamu ya Alice Adams ya mwaka 1935. Familia moja isiyo na uwezo inataka kumringia mgeni tajiri, kwa hiyo inamkodi Hattie awe mhudumu wa usiku mmoja. Joto ni kali, chakula ni kizito, kila kitu kinaharibika, na yeye anapita na sahani kwa uso ambao hauna haraka na mtu. Unacheka hadi machozi. Lakini tazama vizuri anayechekwa ni nani. Si mhudumu, ni ile familia yenye kujifanya. Katika Gone with the Wind pia, Mammy ndiye mtu wa pekee ndani ya nyumba ile anayemwambia Scarlett ukweli usoni. Na baada ya mtoto mdogo wa nyumba ile kufa, kuna mahali anapopanda ngazi na Melanie huku akimsimulia yaliyotokea, analia, anapumua kwa shida, anapanda. Mimi si mtu wa kulia kwenye filamu. Binamu yangu aliniuliza kama nina mafua.

Na lafudhi ile ya Mammy mnayoisikia, kumbukeni Hattie alilelewa Colorado, mbali na mashamba ya pamba ya Kusini. Aliivaa kama alivyovaa kitambaa. Hapa kwetu vilevile, tazameni vichekesho vya runinga: mlinzi na msaidizi wa nyumbani lazima waongee kwa lafudhi nzito ya kwao, waivunje "r" na "l", ndipo tucheke. Ati ndio mzaha! Mwajiri yeye huongea sanifu. Je, mnaoishi katika mitaa ile, waajiri wenu wote huongea sanifu?

Sasa sikieni walivyomtendea. Desemba 1939 filamu ilizinduliwa mjini Atlanta, jimbo la Georgia. Mji mzima ulikuwa katika sherehe. Hattie hakuhudhuria, maana sheria za huko ziliwatenga watu weusi, na waigizaji weusi wa filamu hiyo hawangeweza kuketi pamoja na wenzao. Katika dansi ya kabla ya uzinduzi, kwaya ya kanisa moja la watu weusi iliitwa kuwaimbia Wazungu ikiwa imevalishwa mavazi ya watumwa. Ndani ya kwaya hiyo alikuwamo mvulana wa miaka 10. Jina lake, Martin Luther King. Ndiyo, yule yule!

Tarehe 29 Februari 1940 zikatolewa tuzo za Oscar katika hoteli ya Ambassador, Los Angeles. Hoteli ile haikuwaruhusu watu weusi, na mtayarishaji wa filamu, David O. Selznick, alilazimika kumwombea Hattie ruhusa ya kuingia. Akaingia, akaketishwa kwenye meza ndogo kando, karibu na ukuta, mbali na waigizaji wenzake. Jina lake likatajwa. Akawa mtu mweusi wa kwanza duniani kupata tuzo ya Oscar. Alisema anatumaini kuwa sifa njema kwa watu wake na kwa wenye kazi ya filamu, kisha sauti ikamkatika kwa machozi. Halafu akarudi kwenye ile meza ya ukutani.

Mnaosema aliaibisha, semeni mbele ya ile meza: aliyeaibika usiku ule ni nani?

Ningetaka pia kumtaja Butterfly McQueen, aliyeigiza kijakazi mwingine katika filamu ile ile. Huyu alichoka. Mwaka 1947 akaacha filamu kwa sababu hakupewa kitu kingine ila vijakazi. Alikuwa na haki kabisa, na mimi namheshimu. Lakini ulimwengu haukumwandalia karamu kwa msimamo wake. Alifanya vibarua vya kila namna ili aishi, na ni mwaka 1975 alipopata digrii yake, akiwa na miaka zaidi ya 60. Kwa hiyo ukikubali unasemwa, ukikataa unalala njaa. Kalamu iliyoandika vijakazi tupu haikuwa mkononi mwa Hattie wala mkononi mwa Butterfly.

Na asidhani mtu kwamba Hattie alikuwa mnyonge wa kuinamisha kichwa. Pesa za aproni zilimnunulia nyumba kubwa katika mtaa wa kifahari wa Los Angeles ulioitwa Sugar Hill. Majirani Wazungu wakaenda mahakamani kumfukuza yeye na weusi wenzake, wakitumia mikataba ya zamani iliyosema nyumba zile zisiuziwe watu wasio Wazungu. Hattie hakuhama. Aliwakusanya wenzake wakapigania haki yao, na mwaka 1945 jaji akaitupa kesi ile nje. Miaka mitatu baadaye Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani ikaamua kwamba mikataba ya aina hiyo haiwezi kutekelezwa na mahakama popote nchini. Mambo haya sikuyaona katika filamu yoyote. Mwaka 1947 akawa mwanamke mweusi wa kwanza Marekani kuwa mhusika mkuu wa kipindi chake redioni, Beulah. Beulah naye kazi yake ilikuwa gani? Mmeshajua.

Alifariki kwa saratani ya matiti tarehe 26 Oktoba 1952. Alikuwa ameomba azikwe katika makaburi ya Hollywood, walikolala waigizaji wenzake. Wakakataa, kwa rangi yake. Akazikwa kwingine. Tuzo yake ya Oscar aliiachia Chuo Kikuu cha Howard, chuo cha watu weusi, nayo ikapotea huko miaka mingi iliyopita. Makaburi yale ya Hollywood yalimjengea mnara wa kumbukumbu mwaka 1999, na mwaka 2023 wenye Oscar wakakipa chuo kile tuzo nyingine badala ya iliyopotea. Afadhali kuchelewa, ndiyo, lakini mwenyewe hakuyaona.

Sasa nawauliza jambo moja Wakenya wenzangu. Mwaka 2014 Lupita Nyong'o alipopata Oscar, tuzo ile ile ya Hattie ya mwigizaji msaidizi, tulifanya nini? Tulishangilia nchi nzima. Mimi nilikuwa mdogo, lakini mama ananiambia hata kule kazini kwake walimwita sebuleni aje atazame. Na Lupita alipewa tuzo kwa kuigiza nani? Patsey, mtumwa wa shamba la pamba katika filamu ya 12 Years a Slave. Mtumwa! Hakuna Mkenya aliyesema ametuaibisha. Hakuna aliyesema kasomea maigizo Chuo Kikuu cha Yale ili aje kuchuma pamba. Tuliona uchungu wa Patsey, ambaye aliishi kweli, tukajua kwamba kumwigiza mtu aliyedharauliwa si kudharauliwa.

Tofauti ipo, sikatai. Filamu ya Lupita inakuonyesha mgongo wa mtumwa uliochanwa kwa mjeledi. Ile ya Hattie inakuonyesha tabasamu. Lakini tofauti hiyo imo katika hadithi, haimo katika mwigizaji. Kati ya Oscar ya Hattie na ya Lupita ni miaka 74, na ilipita miaka 51 kabla mwanamke mweusi wa pili, Whoopi Goldberg, kuipata mwaka 1991. Mimi naamini Lupita alipopanda ngazi za lile jukwaa kulikuwa na mama mmoja mnene mbele yake aliyezipanda kwanza.

Basi nilirudi kwa mwalimu. Nikamwambia nitaigiza ile sehemu, ila nina masharti mawili: mhusika apewe jina, na katika onyesho la mwisho asitoke tu na sinia kimya kimya, aseme neno lake. Mwalimu alifikiri, akaniambia niliandike mwenyewe hilo neno. Niliandika mistari sita, akakata miwili. Tamashani tulikuwa wa nne, hatukuendelea mbele, lakini mama mmoja mgeni alinijia baadaye akanishika mkono bila kusema kitu. Viganja vyake nilivifahamu. Ni kama vya nyumbani.

Jioni ile nilimsimulia mama habari zote za Hattie tukikunja shuka alizokuja nazo kupigia pasi. Alisikiliza kimya mpaka nilipofika kwenye zile dola 700 kwa wiki na ile nyumba kubwa ya Sugar Hill. Akanyosha kona za shuka, akaniuliza:

"Na huyo aliyekuwa akimfulia Hattie, yeye alilipwa ngapi?"

Nikashika ncha yangu ya shuka, tukaendelea kukunja.